Swali la Saba na Shamba la Papa Danieli

Ninyi vijana mliopewa kufundisha darasa la ubatizo, pasta ameniomba niwaandikie maneno machache ya kuwatia moyo. Moyo mnao wa kutosha, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Ninaandika kwa sababu Jumamosi iliyopita niliketi kwenye benchi la nyuma pale Muheto, nikawasikiliza mkiendesha mtihani, na tangu siku hiyo hata chai hainishuki vizuri.

Mmoja wenu, sitamtaja, alisimama mbele na mikrofoni, katika chumba ambacho mbuzi akikohoa nje wote mnamsikia. Akauliza swali la saba: kwa nini mwanadamu anahitaji wokovu? Watu zaidi ya thelathini wakajibu kwa sauti moja, kama kwaya iliyofanya mazoezi, kwamba wanadamu wote ni wenye dhambi na hawawezi kujiokoa wenyewe. Mwalimu akatabasamu, akaweka alama, akasema Mungu asifiwe, akaenda swali la nane. Ilichukua muda mfupi kuliko kumenya kiazi kimoja.

Najua mtasema mzee ana wivu kwa sababu hana kazi tena. Semeni tu. Nimefundisha darasa hilo zaidi ya miaka thelathini, Muheto, Kirolirwe na vilima vya katikati, tangu maswali yalipokuwa kwenye daftari tulilonakili kwa mkono hadi leo mnapoyatuma kwa WhatsApp, na mtu anayasoma akiwa amepakiwa nyuma ya moto, yaani pikipiki, anateremka mjini Sake. Sina ugomvi na simu. Ugomvi wangu ni na lile tabasamu. Nililitabasamu mimi pia, na mama mmoja alikaa nje ya meza ya Bwana kwa sababu yake. Nitawaambia habari zake, ila mtanivumilia, maana sijui kusimulia kwa mstari ulionyooka.

Kazi hii nilifundishwa na Papa Zakaria, mwinjilisti mfupi mwenye miguu ya kupinda, ambaye alinianzisha na maji kabla ya maneno. Alinionyesha mambo ambayo ninyi hamjaonyeshwa, na ndiyo maana ubatizo wenu wa mwaka jana ulikuwa aibu. Sikilizeni basi. Maji ya vilima vyetu ni baridi, na mtu akizamishwa ghafla anavuta pumzi chini ya maji. Kwa hiyo mmwagie kwanza kiganja kimoja kwenye kisogo, ashtuke, apumue, ndipo mumlaze. Kitenge cha mama kifungwe kamba chini ya magoti, la sivyo kitaelea na kwaya itashindwa kujua itazame wapi. Simameni mkiwa mmeuelekea mkondo, ili maji yenyewe yamlete mtu mikononi mwenu. Tena msibatize siku mvua imenyesha, hata kama pasta ana haraka, hata kama wageni wametoka Goma na gari lao.

Mimi niliyasikia yote hayo na siku ya kwanza nikasahau karibu yote. Papa Zakaria alinipa mchungaji wa ng'ombe wa Kirolirwe, mtu mkubwa kama mlango wa kanisa. Alikuwa amekataa kuwaacha ng'ombe wake bila mtu, basi akaja nao, nao wakaingia mtoni upande wa juu yetu kunywa maji. Nilimlaza, akanivuta, tukazama wote wawili, na tulipoinuka tulikuwa na rangi ya yale ambayo ng'ombe walikuwa wameyaacha majini. Mama wa kwaya walishindwa kuimba. Papa Zakaria alinifuta uso kwa kanzu yake, akasema sasa nimebatizwa mara mbili na bado haijashika. Nilicheka pamoja nao. Sikujua kwamba mzee alikuwa ananieleza hali yangu.

Turudi kwenye swali. Mnajua watu wanajibu nini ukiwanyang'anya jibu la daftari? Nilijaribu mara moja, pale Kirolirwe, nikiwa nimechoka kusikia kwaya. Niliwaambia wafunge madaftari, nikauliza: hapa kijijini ni nani anayehitaji wokovu sana? Vidole vikaruka. Wakulima wakasema ni wenye ng'ombe, maana ng'ombe wao wanaingia katika maharagwe kila msimu na hakuna anayeomba msamaha. Wenye ng'ombe wakasema ni wakulima, maana wameziba kwa miiba njia ya kwenda majini. Kisha wakapatana, jambo la nadra, kwamba wanaohitaji wokovu kuliko wote ni watu wenye bunduki kule msituni. Nikasema sawa, hata wao wanauhitaji, lakini hawamo katika darasa langu. Nina ninyi tu. Nani kati yenu? Vidole vikashuka. Mama mmoja akasema ametimiza masomo yote na asingependa kuulizwa mambo ya nje ya programu.

Nimekutana na hilo mara nyingi mpaka nikafikiri nitapasuka. Mtu anaijua dhambi ya jirani yake pamoja na siku na saa, pamoja na nguo aliyokuwa amevaa mwizi. Ukimwuliza yake mwenyewe, anaingia ndani ya "wanadamu wote" kama mtu anayejificha katikati ya watu sokoni. Hilo jibu lenu la saba ni la kweli kabisa. Ubaya wake ni kwamba lina nafasi kubwa mno ya kujifichia.

Na kuna jibu jipya, ambalo nalisikia siku hizi katika mahubiri yenu ya spika kubwa. Mnawaambia watu wanahitaji wokovu ili wapone vita, wapone njaa, wasafiri salama, watoto wapate kazi. Naelewa. Nimekimbia mara tatu na godoro kichwani. Hakuna anayehitaji kunieleza vita. Mungu anaokoa kutoka kwenye risasi pia, na nimemshukuru kwa hilo nikiwa nimelala kifudifudi kwenye mtaro. Lakini kama wokovu ni kupona vita tu, basi sisi sote tuliofika Sake salama tulikuwa tumeokoka. Nilikuwapo. Nilituona tuliofika salama, wakristo wa miaka mingi, tukigombania turubai mpaka mzee mmoja wa kanisa akamuuma mwenzake mkono. Vita tulikuwa tumeikimbia, lakini kile tulichokuwa nacho ndani tulikuja nacho.

Sasa Mama Sifa. Ni mjane wa hapa Muheto, mkulima wa maharagwe na muhogo, mwanamke mfupi anayetembea kama mtu aliyeitwa mahali. Mumewe hakupenda mambo ya kanisa, kwa hiyo alipoanza darasa alikuwa tayari ana wajukuu. Hakujua kusoma. Nilimwambia, kama ninavyojua mnawaambia ninyi, kwamba si kitu, atashika kwa kichwa. Alishika maswali yote kumi na mawili. Usiku wa kuamkia mtihani mjukuu wake alimwuliza moja moja, na hakukosa hata moja. Hilo nililijua baadaye, kutoka kwa mjukuu mwenyewe.

Siku ya mtihani nilikaa mezani na pasta. Wakati ule tulikuwa tunawaita mmoja mmoja, si kwa kundi kama ninyi. Akajibu la kwanza mpaka la sita bila shida. La saba nikamwuliza, na akanyamaza. Nilidhani amesahau, nikamsaidia na maneno mawili ya mwanzo, "Kwa sababu wanadamu." Akatikisa kichwa.

"Mimi ninahitaji wokovu juu nilivuta mupaka wa Papa Danieli," akasema. "Hatua tatu. Alikuwa amekimbia, nikasema hataona."

Ngoja niwaeleze, maana baadhi yenu mmekulia Goma na shamba mnaliona kwenye picha. Kwetu mpaka wa shamba hauandikwi, unapandwa. Tunachomeka vijiti vya ule mti wa majani marefu, usiokufa hata ukiuchomeka kichwa chini, na baada ya misimu miwili umekuwa shahidi. Ubaya wa shahidi huyo ni kwamba anamtetea aliyemchomeka mwisho. Papa Danieli alikuwa jirani yangu. Shamba lake liko mteremkoni: juu yake ni langu, chini yake ni la Mama Sifa. Vita ilipokuja tulikimbia wote. Mimi na Mama Sifa tulirudi mapema, Papa Danieli akabaki Sake kwa shemeji yake, nyuma ya soko, na mke na watoto watano, kwa misimu minne. Desturi yetu ni kwamba anayerudi kwanza anamlindia mwenzake shamba, analima kipande lisigeuke pori, na mwenye shamba akirudi anakabidhiwa. Ni desturi nzuri. Imewalisha wengi, na imewapa wengi nafasi ya kuiba kwa jembe huku wakishukuriwa.

Basi Mama Sifa alisema hivyo mbele ya pasta, na mimi nikakasirika. Sikujua kwa nini nimekasirika, au nilijua na sikutaka kujua. Nilimwambia kwamba hilo si jibu. Nilimwambia swali linasema mwanadamu, halisemi wewe, wala halihusu mambo ya mashamba, na mambo ya mashamba yana chifu. Nilimwambia arudie somo la saba na aje mwaka ujao. Pasta alikuwa mgeni katika eneo letu na aliniamini. Mama Sifa alisema asante, Mwalimu, akatoka, na niliwabatiza wengine wote, wale waliojibu vizuri.

Kile ambacho pasta hakukijua ni hiki. Mama Sifa alivuta hatua tatu kutoka chini. Mimi nilivuta nane kutoka juu. Mbili kila msimu, kwa misimu minne. Hatua mbili hazionekani. Unang'oa vijiti ukipalilia, unavichomeka mbele kidogo, unajiambia udongo wa mteremko unahama wenyewe kwa mvua. Nilikuwa na sababu nzuri sana. Mimi ni mtumishi, nina wageni, kanisa halinipi mshahara wa kutosha, Danieli pengine amepata maisha Sake na hatarudi. Jumapili nilikuwa nasimama na kufundisha kwamba wanadamu wote ni wenye dhambi, na nililala vizuri kabisa, maana katika wanadamu wote nilikuwa mmoja tu, tena mmoja wa wazuri.

Mjue pia mtu asiyebatizwa anapoteza nini katika kanisa letu, maana ninyi mnaliona kama jambo la kawaida. Siku ya chakula cha Bwana, kwaya ikianza wimbo wa taratibu, wasiobatizwa wanatoka. Vijana wanatoka wakicheka, wanakwenda kucheza. Mama Sifa alikuwa anatoka na kusimama chini ya dirisha, ameegemea ukuta, akisikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa nashika sinia ya mkate, na kutoka mahali nilipokuwa nasimama nilikuwa naona kilemba chake dirishani. Nilikiona siku nyingi. Nikajifunza kusimama upande mwingine.

Papa Danieli alirudi mwanzoni mwa msimu wa kupanda, na watoto watano waliokonda na mke mwenye mimba. Wiki hiyohiyo Mama Sifa akamwendea, akamwambia alichofanya, akaomba aje na mashahidi arudishiwe. Na mnajua walimwita nani awe shahidi? Waliniita mimi. Mwalimu wa kanisa, jirani wa juu, mtu wa kuaminika. Nilikwenda. Nilivaa koti. Nilisimama pale chini wakati mama yule anapima hatua tatu ndani ya shamba lake mwenyewe, anang'oa vijiti na kuvichomeka upya, udongo ukiwa mpaka kwenye viwiko. Danieli akamshukuru, kisha akanigeukia akaniomba nifunge kwa maombi. Nikaomba. Niliomba maombi marefu na mazuri, nikamshukuru Mungu kwa majirani waaminifu, na vijiti vyangu vilikuwa vinatazama kutoka juu. Nilipofumbua macho Danieli alikuwa anaangalia huko juu, akanipa mkono.

Mkifika hapo mtadhani nilitubu jioni ile. Hapana. Ndiyo maana ninawachoka mnapohubiri kana kwamba mtu akishajua kosa lake ameshamaliza kazi. Nilijua vizuri, na nilikaa nalo mwaka mzima. Tena nilimchukia Mama Sifa, mwanamke ambaye hakunitendea ubaya wowote, kwa sababu kila nikimwona nilikuwa najiona. Alinisalimu kila siku, na kila siku nilimjibu kwa haraka kama mtu mwenye kazi nyingi.

Mwaka uliofuata akaja tena kwenye mtihani. Nikafika swali la saba, na ninakiri niliomba kimoyomoyo ajibu kama wengine ili mambo yaishe. Akajibu lilelile. Nikapata, nilivyodhani, mlango wa kumnasa. Nilimwuliza: mama, si umekwisha kurudisha? Mbele yangu mwenyewe? Kama umerudisha, sasa unaokolewa na nini?

Pasta akaanza kutazama saa. Ndipo akasema, "Udongo nilirudisha, Mwalimu. Ule moyo uliovuta mupaka ungali ndani yangu. Nikilima pale karibu, jembe ingali inaangalia ng'ambo. Mimi siwezi kuitosha, itoke. Njo maana nimekuja huku."

Nimesoma semina za kanisa, nimepewa vyeti, nimesikiliza wahubiri waliokuja kwa ndege. Sijasikia mtu akieleza swali la saba vizuri kuliko hivyo. Watu wengi wanakuja kwa Mungu wakitaka awafutie walichofanya, kama mwanafunzi anayetaka alama ibadilishwe. Yeye alikuwa amekwisha kusafisha alichofanya, kwa mikono yake, na chini yake akakuta kitu ambacho mikono haikifikii. Hicho ndicho kinachomfanya mwanadamu ahitaji Mwokozi, wala si kamusi ya dhambi. Na mimi nikasema nini? Nikamwambia pasta kwamba mama huyu bado hajui majibu yake.

Alifika kwangu siku ya tatu yake, asubuhi, nikiwa ninanoa panga. Hakukaa, ingawa mke wangu alimletea kiti. Alisema hatarudi tena darasani, kwa sababu anaona ananisumbua, na yeye ni mzee, ataendelea kusikiliza dirishani. Ila alikuwa na swali.

"Jibu yangu iko uongo?" akauliza.

Nilisema haiko uongo.

"Sasa juu ya nini inakukasirisha?"

Hakusema neno juu ya hatua nane, wala hakutazama upande wa shamba. Alikuwa amepalilia chini ya shamba hilo kwa misimu yote minne, ameona vijiti vyangu vikishuka, na hajanitaja kwa mtu. Akamuaga mke wangu, akaondoka. Niliendelea kunoa panga mpaka mke wangu akaniuliza kama ninataka kulimaliza.

Yaliyofuata kanisani nitayasema haraka, maana hayo mnayajua wengine kwa wazazi wenu, na mmeyasikia yakiwa yameongezwa chumvi. Nilimweleza pasta. Niliwekwa chini ya nidhamu miezi sita, nikaondolewa kwenye sinia na kwenye darasa. Mama Sifa alibatizwa mwezi uleule, maji safi, kitenge kimefungwa vizuri, na sikuruhusiwa kuingia mtoni. Miezi ya nidhamu ilipokwisha nilirudi kazini, na tangu hapo sikuuliza tena swali la saba nikiwa mezani. Nilikuwa ninamfuata mtu shambani kwake, nachukua jembe la pili, tunalima pamoja, na tukifika kati ya mstari ndipo ninauliza. Mtu akiwa na jembe mkononi anadanganya kidogo zaidi kuliko kawaida, sijui kwa nini. Nilimkataza kutumia maneno "watu", "wanadamu" na "sisi". Akinyamaza, ninaendelea kulima. Msiogope kimya. Ninyi mkisikia kimya mnamwita mpiga kinanda.

Wengine walihitaji misimu miwili kunijibu. Wengine waliniambia niondoke shambani kwao, na nikaondoka, na mmoja akanifuata mpaka barabarani na kunieleza huku analia kwa hasira. Darasa langu likawa dogo, na mzee mmoja wa kanisa akalalamika kwamba nimekuwa mgumu. Nilikuwa mgumu kweli. Lakini yote hayo yalianza siku moja ambayo sijaisimulia kwa mtu yeyote jinsi ilivyokuwa, hata pasta nilimwambia nusu. Niliifupisha nikasema nilirudisha shamba. Hiyo si habari kamili, na ndiyo ninayotaka muisikie kabla hamjashika tena ile mikrofoni.

Siku ileile alipoondoka Mama Sifa, niliacha panga nikaenda kwa Papa Danieli. Nilimkuta anachambua mbegu za maharagwe na mkewe, mtoto mchanga amefungwa mgongoni. Nilisema yote nikiwa nimesimama, hatua nane, misimu minne, na yale maombi niliyoomba. Nilitegemea kelele. Nilizitaka.

"Nilipima siku ile ile nilirudi, Mwalimu," akasema. "Nilikuwa ninakungojea."

Nilimwuliza kwa nini hakunishitaki kwa chifu.

"Wewe njo unafundisha batoto yangu Neno la Mungu," akasema. "Nikikushitaki, batasikiliza nani?"

Nadhani nililia hapo. Sina haya kusema. Watoto wake walikuwa wamekula mwaka mzima maharagwe ya shamba lililopungua, ili waendelee kuniheshimu mimi niliyelipunguza. Nilimwambia twende sasa hivi, na tumwite Mama Sifa awe shahidi, maana aliona yote na ninataka anione nikirudisha. Nilikuwa nimejaa toba, vijana wangu. Nilijisikia mwepesi. Nilifikiri moyoni kwamba hivi ndivyo mtu anavyojisikia akiokoka.

Tulipanda mpaka kwenye vijiti vyangu. Danieli alisimama pembeni, Mama Sifa akashika kifuko cha vijiti vipya. Nikageuka kuelekea juu, ndani ya shamba langu, nikahesabu kwa sauti ili wote wasikie: moja, mbili, tatu. Nilihesabu mpaka nane. Nikachimba kijishimo kwa kisigino, nikasema ni hapa, na nikajisikia vizuri sana.

Danieli alitazama chini. Mama Sifa alitazama kile kijishimo, akatazama vijiti kule chini. Akaweka kifuko, akashuka mpaka nilipoanzia, akakunja kitenge kidogo, akaanza kupanda. Alihesabu polepole, mwanamke yule mfupi anayenifika begani. Hatua ya sita ilinipita. Akaendelea saba, akaendelea nane, akasimama juu yangu katikati ya maharagwe yangu, akageuka.

Nilisema ni kwa sababu ya mlima, mtu akipanda hatua inakuwa fupi.

"Mulima iko moja," akasema Mama Sifa. Hakuwa amekasirika, na ningependa angekasirika. "Na mimi niko mufupi kwako. Juu ya nini hatua yangu inapita yako?"

Sikuwa nimekusudia. Naapa mbele za Mungu, na hapo ndipo palipo na tatizo lote: sikuwa nimekusudia. Kichwa changu kilikuwa kinatubu, mdomo ulikuwa unahesabu kwa haki, machozi hayajakauka usoni, mashahidi wapo, na miguu yangu ilikuwa inafupisha hatua yenyewe, bila kuniuliza, kama ilivyozoea. Nilikwenda pale kurudisha, na nilikuwa naiba njiani.